Jina Limepimwa, Bado Damu

Mambo yote Nesi aliyasema kwa kelele isipokuwa moja. Minyoo, upele, kikohozi cha mzee fulani, mimba ya binti wa fulani, vyote vilitoka dirishani mwa zahanati hadi wauza ndizi wa barabarani wakavijua. Likija neno kaswende alinyamaza kwanza. Alinyanyuka, akafunga mlango, akasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakagusa ya mgonjwa, ndipo akalisema, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Yeye aliona anaficha. Kumbe sisi wa kwenye benchi nje, mlango ukifungwa tu, tulitazamana.

Mimi ndiye niliyemwambia, miaka baadaye, kwamba mlango wake ulikuwa unatangaza kuliko mdomo. Kuanzia wiki ile akawa anaufunga kwa kila mtu, hata aliyefuata vidonge viwili vya kichwa, na watu wakanung'unika kwamba zahanati imekuwa na joto.

Tulimwita Nesi. Manesi wengine walikuja, wakahama, hao tuliwaita kwa majina yao. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa, na saa ya mkononi aliyoibana kifuani kwa pini kwa sababu mkanda wake ulikatika na hakuona haja ya kununua mwingine. Kwao wapi, alizaliwa na nani, sikujua na sikuuliza. Huku kwetu Bigwa mtu akikuchoma sindano na kukutukana kwa miaka yote hiyo, kwao ni hapa hapa.

Na alitukana kweli. Alikataza soda kwa wajawazito kwa maneno makali, halafu saa saba ungemkuta nyuma ya jengo na soda yake nyeusi, ameificha kwenye mfuko wa koti. Ukimkuta alikwambia, "Mimi nina mimba?" Alidai usafi wa kadi kuliko usafi wa watoto. Kadi ya kliniki ikiwa na doa la mafuta alikurudisha nyumbani ukaifute, na ukirudi bado ina doa alikuhudumia hivyo hivyo huku akisonya. Kilichoandikwa kwa wino, alisema, kimeapa.

Kulikuwa pia na nusu saa yake. Ukichomwa sindano ya penisilini, huondoki. Ulikaa kwenye benchi fupi mbele ya meza yake, naye akaja na ungo wake wa kunde, akazichambua huku akikutazama usoni mara moja moja. Watu walidhani ni umbea. Nilipomuuliza alisema dawa ile huwapata vibaya watu wachache, ghafla, na yeye hataki mtu aanguke njiani mlimani pasipo na mtu. Hakuwahi kuipunguza ile nusu saa, hata mvua ikinyesha, hata foleni ikifika getini.

Sasa, kuhusu waume. Ilikuwa amri, na bado ni desturi mahali pengi, kwamba mjamzito aje kliniki na mwenza wake siku ya kwanza, wapimwe wote wawili. Aliyekuja na mume aliingia kwanza. Aliyekuja peke yake alisubiri mpaka mwisho, tena na barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kueleza mume yuko wapi. Wanawake wakatafuta njia, wakaanza kuazima waume. Kijana mmoja wa bodaboda wa pale kona aliingia na wanawake watatu ndani ya mwezi mmoja, mpaka Nesi akamuuliza mbele ya benchi zima, "Baba, wake zako hawa wanajifungua lini, nikuandalie wodi?"

Nesi alikuwa na kipimo chake cha mume. Alimwambia mwanamke apande kitandani akaguliwe tumbo, na kabla hajapanda alisema, "Mpe mwenzio mkoba." Basi. Mume wa kweli, alitufundisha baadaye, huupokea mkoba bila kuutazama, kama anavyopokea sahani. Mume wa kuazima huutazama. Hajui auweke magotini au auning'inize, anaushika kwa vidole viwili. Aliwanasa wengi kwa mkoba, na alijivunia. "Makaratasi yanadanganya," alisema. "Mkono haudanganyi."

Mimi ndiye niliyemdanganya kwa mkono.

Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja. Mimba ya kwanza ilifika mwezi wa saba, nikaacha kumsikia, nikazaa mtoto wa kiume aliyekwisha kufa. Mume wangu alimchukua akamzika kwa mikono yake mwenyewe, hatukuongea habari zake tena. Watu waliongea, mdomo wa mtu hauna kufuli. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu, nikashona sare za shule za watoto wa wenzangu. Kliniki ya mimba ile nilikuwa nimeikwepa. Nilijiona mzima, na foleni ilinikera.

Mimba ya pili sikuthubutu kuikwepa kliniki. Nilipanda zahanati peke yangu, mwezi wa nne, na barua ya mwenyekiti. Nesi alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, akaangalia saa yake ya kifuani. Baadaye aliinuka, akafunga mlango.

"Una kaswende," alisema magoti yake yakiwa kwenye yangu. "Inatibika. Inatibika kabisa, unasikia? Lakini haitibiki kwa mtu mmoja. Mwenzio lazima aje."

Nilimuuliza habari za yule wa kwanza. Mwingine angenipoza. Yeye alisema, "Inawezekana ndiyo iliyomchukua. Siwezi kukuapia. Ila nikikwambia siyo, nitakuwa mwongo." Halafu akanichoma sindano ya kwanza, akanishika mkono nusu saa nzima, na zile kunde zilikaa bila kuguswa. Sindano zilikuwa tatu, kila wiki moja. "Sindano ya pili uje naye," alisema. "Mficha uchi hazai, mwanangu." Methali hiyo alikuwa anaitupa kila siku, kwa kila mtu, na sisi tulikuwa tunaicheka. Siku ile niliondoka nayo mlimani nikiwa nimeshika tumbo.

Mume wangu ni mfanyabiashara wa vitunguu. Anavifuata Dumila, analala huko siku tatu nne, anarudi na mzigo sokoni. Ni mtu mpole, na upole wake ndio nilioogopa, kwa sababu hujui umejificha nini. Niliwaza hivi: anayeitaja kaswende nyumbani ndiye atakayeitwa mwenye nayo. Nikiitaja mimi, nimeileta mimi. Na kama aliileta yeye, atakana, nitabaki nimeileta mimi. Kila nilipojaribu kufungua mdomo niliona nguo zangu kwenye mfuko na mimi kituo cha basi na tumbo langu.

Basi nikamwazima shemeji yangu, mdogo wake, aliyekuwa anaishi kwetu. Wanafanana. Nilimwambia foleni ni ndefu, wenye waume wanaingia kwanza, anisaidie, na wakimuuliza jina aseme la kaka yake. Alicheka, akakubali. Hakujua anakwenda kusikia nini.

Nesi alisema, "Mpe mwenzio mkoba." Shemeji aliupokea bila kuutazama. Alikuwa ameshanibebea mkoba ule kutoka sokoni mara ngapi sijui, tangu niolewe. Nesi akatikisa kichwa kuridhika, akaniuliza kama aseme mbele yake, nikaitikia, mlango ukafungwa. Nilimwona shemeji akibadilika uso neno lilipotajwa. Hakukimbia. Alitoa kidole.

Damu yake ilikuwa safi. Nesi aliutazama mstari mmoja uliotoka, akakiinua kipimo kwenye mwanga wa dirisha. "Ajabu," alisema. "Hutokea, lakini ni ajabu. Una bahati, baba." Akachukua kalamu akaandika kwenye kadi yangu, kwa ule mwandiko wake wa kushindilia, mahali pa mwenza: kaswende, hasi. Njiani kushuka shemeji aliniambia neno moja tu. "Mwambie kaka." Nikamwambia nitamwambia.

Sikumwambia. Nikamaliza sindano zangu tatu, nikajiona nimepona, mtoto akaanza kucheza, mume wangu akaenda Dumila, akarudi, na nyumba ikaendelea kama nyumba.

Mwezi wa sita wa mimba mume wangu alikuwa anatafuta kitambulisho chake kwenye boksi la makaratasi. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia makaratasi yameacha kuchakarika. Nikageuka nikamkuta ameshika kadi ya kliniki, kidole kwenye tarehe ile, mahali pa mwenza.

"Siku hii nilikuwa Dumila," alisema. "Gari liliharibika, nililala siku tatu."

Nikarudisha macho kwenye sindano ya cherehani.

"Huyu anayeitwa mimi ni nani?"

Ningesema ni mdogo wako, ningewagombanisha ndugu wawili kwa ulaghai wangu. Nisingesema, alikuwa na mwanamume mwingine kichwani tayari, namwona anamjenga. Nilinyamaza, na kunyamaza kulinitia hatiani. Hakupiga, hakupaza sauti. Alisema kesho tutapanda pamoja.

Tulipanda asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma. Benchi lilikuwa limejaa. Aliingia bila kukaa, akaiweka kadi mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, unanijua?"

"Sikujui, baba."

"Mbona umenipima?"

Nesi aliitazama kadi, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Mkono wake ukaenda kwenye saa ya kifuani na kubaki hapo. Nimemwona mwanamke yule akishika mtu mwenye kichaa, nimemwona akizalisha kwa tochi ya simu, sikuwahi kumwona ameogopa. Siku ile aliogopa. Baadaye nilielewa kwamba hakumwogopa mume wangu. Alikuwa anahesabu wiki tangu sindano zangu.

Alifunga mlango.

"Nataka jina la mtu aliyekaa kwenye kiti hiki," mume wangu alisema.

"Silijui. Aliniambia lako. Na ningelijua nisingekupa. Hapa hatoki mtu na jina la mtu."

"Basi atanipa mke wangu."

"Swali lako nimelisikia. Sikiliza na la kwangu. Jina lako limepimwa. Bado damu. Kaa."

"Mimi siumwi."

"Hata yeye haumwi. Yule mtoto wenu wa kwanza naye hakuwahi kusema anaumwa."

Niliona maneno yale yanamwingia. Alisimama pale, kofia mkononi, mtu aliyemzika mwanawe kwa mikono yake na hakuwahi kuambiwa kwa nini. Mtoto alinipiga teke ubavuni nikashindwa kupumua. Kisha akakaa. Akatoa kidole chenyewe, cheusi kwa vumbi la vitunguu, na Nesi akakipangusa mara tatu kabla ya kukitoboa.

Kipimo kile kinataka dakika kumi na tano. Sijui dakika nyingine ndefu kama zile. Nje mtoto wa mtu alilia akanyamazishwa. Mimi nikaona kama sitasema sasa sitasema tena.

"Ni mdogo wako," nilisema. "Nilimwambia foleni ndefu. Hakujua. Niliogopa utanirudisha kwetu."

Aliinamisha kichwa mpaka magotini. Mabega yakatikisika, sikujua anacheka au analia, na mpaka leo sijamuuliza. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, na kwenye kipimo mistari ilikuwa imetoka miwili.

Nesi alinigeukia mimi kwanza. "Tangu sindano zako, mmelala pamoja?"

"Ndiyo."

Akavuta kadi na rejista, akakata mstari mmoja kwenye kila kimoja, akaandika upya, akatia sahihi pembeni. "Nimekosa mimi," alisema. "Niliamini mkoba." Kisha akafungua kabati. Dawa ya sindano ilikuwa imeadimika miezi ile, na iliyokuwepo ilimtosha mtu mmoja. Aliiweka mbele yangu. "Hizi ni za mama, kwa sababu kwa mjamzito hakuna nyingine inayomfikia mtoto. Baba, wewe utameza vidonge, asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Cha asubuhi utakimezea hapa, nikikuona. Na mkeo haguswi mpaka nikwambie."

Mume wangu aliuliza swali moja tu. "Mama, ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini muda gani?"

"Miaka. Unaweza kukaa kimya kuliko sisi wote hapa."

"Kwa hiyo nani aliyeuleta hatujui."

"Mimi natibu. Mahakama iko mjini."

Alimeza siku kumi na nne. Hakwenda Dumila siku zile, alimtuma mdogo wake. Kila asubuhi alipanda, akasimama dirishani, Nesi akamwambia afungue mdomo aone ulimi, kama mtoto. Wanawake wa benchi walidhani ana kifua kikuu. Nesi aliwaacha wadhani hivyo, yeye asiyeweza kutunza habari ya mtu hata ya minyoo. Na mkoba aliuacha. Sikumsikia tena akisema mpe mwenzio mkoba. Alianza kuomba kitambulisho, na kila akikiomba alionekana kama mtu aliyenyimwa kitu.

Miezi ile iliyobaki sikushona vizuri. Nilimaliza sindano za mara ya pili nikiwa na tumbo hadi kifuani. Kila kliniki Nesi aliweka pembe yake ya mbao tumboni, sikio juu yake, na mimi nilimtazama uso. Alikuwa anakunja sura hata habari ikiwa njema. Siku moja alikaa na pembe ile muda mrefu mno. Nikaanza kulia kimyakimya. "Acha kulia," alisema, "moyo wako unanipigia kelele, nausikia wako badala ya wake." Akasikiliza tena. "Yupo."

Binti yetu alizaliwa hospitali ya mjini, akapimwa, akachomwa sindano yake, akalia kwa hasira. Jumapili Nesi alikuja nyumbani na nguo za kanisani. Hakumbusu mtoto, hakusema mzuri. Alimfunua kanga miguuni, akamgeuza nyayo, akazipitishia kidole gumba taratibu, moja baada ya nyingine, kisha viganja. Alikuwa anatafuta ngozi inayobabuka, alama ya ugonjwa ule kwa watoto wachanga. Hakuipata. Akamfunika, akaomba soda.

Alistaafu. Akahamia Kihonda. Zahanati ikapata vijana wenye adabu na kompyuta, wanaosema kila kitu kwa sauti moja.

Mwaka huu nilimpeleka binti yangu kituo cha afya mjini, kikohozi kilikuwa kimemkalia. Ana miaka minane. Kwenye benchi nikaiona saa kwanza, imebanwa kwa pini kwenye blauzi. Alikuwa amekonda, jicho moja lina ukungu. Nikamwamkia. Akaitikia huku akijaribu kunisoma kwa jicho zima.

"Ni mimi, fundi wa Bigwa."

"Wa mkoba," alisema.

"Wa mkoba."

Akageukia chini, kwa mtoto. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Vua ndala."

Binti yangu alinitazama, nikamwambia avue. Nesi akaupandisha mguu wake magotini pake, mbele ya watu wote, akapitisha kidole gumba kwenye unyayo toka kisigino hadi vidoleni. Jicho halikuwa linaona sana, kwa hiyo alichukua muda. Mtoto akaanza kucheka kwa kutekenywa. Ulikuwa unyayo mgumu, umejaa vumbi, una kovu la msumari.

"Mchafu," Nesi alisema. "Hatulii nyumbani huyu." Akauachia mguu, akapangusa macho yote mawili kwa ncha ya kanga, lile zima na lile bovu, wala hakuficha.

Kijana wa mapokezi akaita jina lake. Alikuwa na fomu. "Bibi, leo utawekewa dawa machoni, huwezi kurudi peke yako. Umekuja na nani?"

Nesi alitazama mlango wa nje, kama anayesubiri mtu, na nilijua hakuna anayekuja.

"Amekuja na mimi," nilisema. "Mimi ni binti yake."

Kijana akainua kalamu. "Jina lako?"

"Mwandike la kweli," Nesi alimwambia. "Huyu namjua."

Nikalitaja. Kijana akaandika, Nesi akasubiri mpaka amalize kuandika. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaelekea chumba cha macho, na alipopita mbele yangu akanyoosha mkono wenye mkoba wake bila kunitazama. Nikaupokea, huku namwambia mwanangu avae ndala.